Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Bomba kavu lisihesabiwe kuwa huduma

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Wizara ya Maji,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: KUPIMA HUDUMA YA MAJI VIJIJINI KWA MAJI YANAYOTOKA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa mtama na alizeti katika kijiji kimoja cha Kanda ya Kati. Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, tangu enzi za pampu ya mkono hadi tulipopata kisima kirefu, tangi na mabomba. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za kawaida tumezimaliza. Malalamiko yetu yalijadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yakaingia kwenye muhtasari, yakapita kwa mtendaji wa kata, yakafika wilayani, yakapokelewa na kugongwa muhuri. Diwani wetu ameyasema kwenye vikao. Jibu limekuwa lile lile: kijiji chenu kina mradi, mradi umekamilika na kukabidhiwa, kwa hiyo kipaumbele ni vijiji ambavyo havijafikiwa.

Mheshimiwa, kama tungeambiwa kwamba hatuna maji na zamu yetu bado, tungevumilia. Kinachouma ni kuambiwa kwamba tunayo, na anayetuambia ana karatasi yenye takwimu mkononi, wakati ndoo zimepangwa tangu usiku mbele ya bomba lisilotoa hata tone.

Sitaji jina la kijiji, la ofisi wala la mtumishi yeyote. Sikusudii kumharibia mtu kazi. Watumishi wa maji ninaowafahamu ni wachache kuliko eneo wanalolihudumia, na wengi wanafanya wanachoweza kwa bajeti waliyopewa. Nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu tatizo lenyewe liko kwenye kipimo, na kipimo kinawekwa Wizarani.

Kabla ya hoja zangu naomba nikumbushe ahadi, maana vijana wengi hawazijui. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila kaya ipate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulipofika tukapata Sera ya kwanza ya Maji, na ahadi ikasogezwa hadi 2002. Mwaka 2002 ikaja Sera mpya, na wakati huo Dira ya Maendeleo ilikuwa imeshatuambia kwamba ifikapo 2025 maji safi na salama yatamfikia kila Mtanzania. Mwaka huo nao umepita. Mita 400 ni zile zile za 1971, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Maji ya Ziwa Victoria yametolewa Ihelele yakafika Kahama na Shinyanga, kisha yakaenda Nzega, Igunga na Tabora. Aliyeijua Shinyanga ya zamani anajua thamani ya kazi hiyo, na walioifanya wanastahili shukrani. Ninachokileta kwako ni habari za kijiji ambacho mradi ulifika, ukazinduliwa, ukaandikwa, na maji hayapo.

1. Namna tunavyohesabiwa

Hii ndiyo hoja kubwa, na nyingine zote zinatoka humu.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 inasema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, mwaka mzima, kutoka kwenye kituo kilicho ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ni maneno mazuri. Lakini kwa miaka mingi waliokwenda kuhesabu wamechukua namba moja tu kati ya hizo, ile ya 250. Kijiji kina vituo 8? Zidisha mara 250, wanapatikana watu 2,000 wenye huduma. Maneno "mwaka mzima" hayaingii kwenye hesabu hiyo, na lita 25 hakuna anayezipima.

Kijiji chetu kina vituo 8. Kwenye karatasi, watu 2,000 wanapata maji, na kwa lita 25 kila mmoja ni lita 50,000 kwa siku, yaani tangi letu lote likijaa na kuisha kila siku. Hali halisi ni hii. Mvua zinapokatika mwezi Aprili kisima kinakuwa na nguvu. Kufika Agosti kinaanza kuchoka. Mwezi Oktoba, fundi akipima, tunapata kama lita 1,500 kwa saa, na tukisukuma kwa saa 6 pampu inaanza kuvuta hewa, inabidi izimwe. Hizo ni lita 9,000. Zigawanye kwa watu 2,000, kila mtu anapata lita 4 na nusu za kunywa, kupika, kuoga, kufua na kumwosha mgonjwa. Na hapo nimechukulia kwamba pampu ni nzima na dizeli ipo. Isitoshe, maji hayo machache yanaishia kwenye vituo viwili vilivyo chini ya tangi. Vile sita vya upande wa pili wa kijiji havipati kitu.

Basi wanawake wa upande wa pili wanashuka korongoni. Naomba nieleze vizuri, kwa sababu nadhani wengi wanaopanga bajeti hawajaona. Wanakwenda na jembe, ndoo na kata. Wanachimba kwenye mchanga hadi shimo linafika usawa wa kiuno, na mwisho wa kiangazi linafika begani. Kingo zinaporomoka, kwa hiyo mmoja anazishikilia kwa magogo na matawi huku mwenzake anachimba. Kisha wanasubiri maji yajichuje. Kata ya kwanza inatoka na tope, inamwagwa. Zinazofuata wanazichuja kwa kanga. Ndoo moja inaweza kuchukua nusu saa kujaa, na nyuma ya aliye shimoni wapo wengine wanaongoja. Wakimaliza wanafunika shimo kwa miiba ya mgunga ili ng'ombe na fisi wasilichafue, maana kesho alfajiri watalirudia. Mwaka juzi ukingo ulimwangukia msichana wa darasa la sita. Alitolewa akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini mguu ulivunjika.

Yule msichana, Mheshimiwa, kwenye taarifa ni mtu mwenye huduma ya maji ndani ya mita 400. Kituo kikavu kiko jirani kabisa na kwao.

Shuleni watoto wanaagizwa kuja na dumu la lita 5. Mama anayekwenda kujifungua anabeba maji yake ya kuoga na ya kufulia. Hayo nayo hayaonekani kwenye asilimia.

Hotuba za bajeti za 2024 zilisema huduma vijijini imekaribia asilimia 80. Sitaki kubishana na namba hiyo kwa nchi nzima, kwa sababu sina ya kwangu. Ila nakumbuka kwamba Wizara yenyewe ilipotengeneza ramani ya vituo vya maji zaidi ya miaka 10 iliyopita, ilikuta takriban vituo 4 kati ya 10 vijijini havifanyi kazi. Ilikuwa kazi ya kweli, iliyofanywa kwa uaminifu, na ilitusaidia kuona ukubwa wa tatizo. Naomba roho ile ya kusema ukweli irudi.

2. Fedha za kujenga zipo, za kutengeneza hazipo

Pampu yetu iliungua mota. Kitu hiki hutokea. Mashine inayosukuma hewa huku kisima kimepungua lazima iungue. Tulikuwa na akiba kwenye akaunti, iliyotokana na shilingi 50 ya kila ndoo. Baada ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, kamati ndogo kama yetu ziliunganishwa kuwa vyombo vikubwa vya watumia maji, chombo kimoja kikisimamia vijiji kadhaa, chenye fundi na mhasibu. Nasema wazi kwamba naunga mkono mabadiliko hayo, ingawa ndiyo yaliyonitoa kwenye ukatibu. Kamati nyingi za zamani zilikuwa zinaendeshwa kwa daftari moja na huruma ya watu, na fedha zilipotea.

Lakini fundi aliyeajiriwa hana mota. Hana waya wa kushusha kisimani, hana hata mnyororo wa kunyanyulia pampu. Akiba ya vijiji vyote imewekwa pamoja, na vijiji vyote vina matatizo kwa wakati mmoja, kwa kuwa kiangazi ni kimoja. Ikabidi tuombe. Tukaambiwa fungu la ujenzi haliwezi kutumika kwa matengenezo, na fungu la matengenezo limekwisha. Wakati tunaambiwa hivyo, kijiji cha jirani kilikuwa kinachimbiwa kisima kipya. Hatukuwaonea wivu majirani, wana haki yao. Ila kisima kile kipya kina pampu ya aina ile ile, kwenye mwamba ule ule, chini ya chombo kile kile kisicho na vipuri. Baada ya miaka michache watakuwa wanaandika barua kama hii.

Tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli inatozwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Sisi wa vijijini tunailipa mara mbili: kwenye bodaboda inayompeleka mgonjwa, na kwenye dizeli ya jenereta inayosukuma maji yale yale ambayo Mfuko umekusudiwa kuyaleta. Nalipa kwa moyo mmoja. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya fedha hiyo irudi kubadilisha mota.

3. Maskini ndiye anayelipa bei kubwa

Maji ya bombani kwetu ni shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Ndoo 50 ndizo uniti moja, kwa hiyo uniti ni shilingi 2,500. Dar es Salaam mwenye bomba nyumbani kwake amelipa kwa miaka mingi chini ya shilingi 2,000 kwa uniti, na maji yanaingia hadi jikoni. Sisi tunabeba kichwani na tunalipa zaidi.

Bomba linapokauka wanakuja wenye mikokoteni ya punda kutoka kijiji cha mbali. Dumu ni shilingi 500. Uniti inakuwa shilingi 25,000. Familia ya watu sita ikijibana kwa madumu manne kwa siku inatoa shilingi 2,000, karibu shilingi 60,000 kwa mwezi, na ni miezi ile ile ambayo ghala limebaki na mtama wa kula tu. Watu wanauza mbuzi kununua maji. Simlaumu mwenye punda. Naye anatembea tangu saa 9 usiku.

4. Vyanzo tunavichota kama havina mwisho

Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Sensa ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Mvua haikuongezeka. Kanda yetu inapata msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka wa kawaida, huku jua likiwa na uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000. Lambo la wazi lililochimbwa kwa trekta linakuwa limeliwa na jua na mifugo kabla ya Septemba.

Kwa hiyo tunategemea maji ya chini ya ardhi, na hayo nayo yana tabia yake. Kwenye bonde la Makutupora, linalonywesha jiji la Dodoma kupitia visima vya Mzakwe, vipimo vimewekwa tangu miaka ya 1950. Vinaonyesha kwamba kisima hakijazwi kila mwaka. Kinajazwa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98, na katikati ya misimu hiyo tunakula akiba. Tuna elimu hiyo, imetoka kwenye ardhi yetu wenyewe. Lakini vijijini kisima kinapimwa mara moja tu, siku kinapochimbwa, na mara nyingi ni baada ya mvua. Chetu kilipimwa mwezi Mei. Kwa kipimo cha Mei kikakubaliwa kuwa ndicho kitakachotunywesha Oktoba.

Jiji la Dodoma lenyewe lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Bwawa la Farkwa kwenye mto Bubu limezungumzwa kwa miaka mingi. Naliunga mkono, na habari za kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi huku nazifuatilia kwa matumaini. Dar es Salaam walikuwa na habari za bwawa la Kidunda kwa miaka mingi namna hiyo hiyo, hadi mto Ruvu ulipopungua mwaka 2021, na tena 2022, jiji likaingia kwenye mgao mkali, ndipo mkataba wa ujenzi ukasainiwa. Dodoma isingoje ifike hapo. Na mabwawa makubwa yakijengwa, yasiwe sababu ya kusahau kazi ndogo ya makorongo. Ukuta mfupi wa zege ukivushwa kwenye korongo la mchanga, unazuia mchanga na maji ndani yake, jua halifiki, na kisima kilichochimbwa kando kinadumu hadi mvua nyingine. Wenzetu wa Kitui, nchini Kenya, wamejenga kuta hizo kwa miongo kadhaa kwenye ukame kama wetu. Wanawake wetu wameshatuonyesha kwa majembe yao maji yalipo.

Nikumbushe pia mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi, kwa sababu maji yake yanatumika juu kwenye mashamba ya Usangu. Sera ya Maji na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinasema matumizi ya nyumbani kwanza, kisha mazingira, kisha mengine. Mpangilio huo ni sahihi. Bodi za mabonde yetu 9 zipewe watu na vifaa vya kuusimamia.

Majibu ninayoyatarajia

Nitaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Nakubali, misimu imebadilika, sisi wakulima ndio wa kwanza kuona. Lakini mota iliyokosa mbadala haikuunguzwa na tabianchi, na kama mvua zimekuwa hazitabiriki, hiyo ndiyo sababu ya kupima kisima mwezi Oktoba.

Nitaambiwa wananchi hawataki kuchangia. Wananchi wanaolipa shilingi 500 kwa dumu la punda wanashindwaje kulipa 50 kwa ndoo ya bomba? Wanakataa kulipia bomba lisilotoa maji. Daftari nililolikabidhi linaonyesha wazi: miezi ambayo maji yanatoka, makusanyo yanapanda, yakikatika, yanakufa.

Nitaambiwa wananchi wanaharibu miundombinu na kuiba vifaa. Ni kweli yapo matukio, na kijijini kwetu tumewahi kuwakamata waliokata waya na kuwapeleka polisi sisi wenyewe. Mtambo unaofanya kazi kila siku una macho ya watu wengi. Ulioachwa mwaka mzima bila kutoa maji hakuna anayeulinda.

Nitaambiwa fedha hazitoshi. Nchi hii imejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 na nilifurahi kama kila Mtanzania. Sidhani nchi hiyo inashindwa na ghala la mota na nyaya za pampu katika kila kanda. Na kutengeneza mradi uliopo ni nafuu kuliko kujenga mpya na kuuacha nao ufe. Hata mijini hesabu ni hiyo hiyo: ripoti za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zinaonyesha takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa yanapotea kabla ya kulipiwa, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Tusipotunza tulichonacho, kila mradi mpya unaanza na deni.

Tunachoomba

Mheshimiwa Waziri, Serikali imezindua toleo jipya la Sera ya Maji mwaka 2025. Kanuni na miongozo ya kuitekeleza iko mikononi mwa Wizara yako, kwa hiyo huu ndio wakati. Tunaomba yafuatayo, na tunaamini yote yanawezekana.

(a) Kituo cha maji kihesabiwe kuwa huduma pale tu kinapotoa maji, na uhakiki wa kila mwaka ufanyike kati ya Septemba na Novemba. Kijiji kinachopata lita 4 kiandikwe kinapata lita 4. Kikiandikwa hivyo kitarudi kwenye orodha ya wanaohitaji msaada, na hiyo ndiyo faida kubwa tunayoitafuta.

(b) Takwimu za kila kijiji zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano uwe na haki ya kuzipinga kwa maandishi kabla hazijapelekwa juu. Wananchi wana uwezo wa kusema bomba gani linatoa na lipi halitoi.

(c) Litengwe fungu maalumu la matengenezo makubwa kutoka Mfuko wa Taifa wa Maji, lisiloweza kuhamishiwa kwenye ujenzi. Kiwekwe kikomo cha siku za kutengeneza pampu iliyoharibika, kitangazwe, na ofisi inayokivuka ieleze sababu kwa maandishi.

(d) Bei ya maji kwenye vituo vya vijijini isizidi kwa uniti ile anayolipa mwenye bomba nyumbani mjini. Pengo lizibwe kwa ruzuku au kwa kubadilisha jenereta za dizeli kuwa za umeme na jua, ambazo gharama yake ya kuendesha ni ndogo.

(e) Kisima kisipokelewe kutoka kwa mkandarasi hadi kipimwe pia mwisho wa kiangazi, na kila kijiji kipate kifaa rahisi cha kupimia kina cha maji kila mwezi. Kuta za kuzuia mchanga na maji kwenye makorongo ziingizwe kwenye mipango ya wilaya za Kanda ya Kati.

(f) Shule na zahanati yoyote iliyo ndani ya kijiji chenye mradi iunganishwe kwanza, kabla ya nyumba ya mtu yeyote, kiongozi akiwemo.

(g) Wizara itume watu wake katika vijiji vya Kanda ya Kati vilivyoandikwa kuwa na huduma kamili, mwezi Oktoba, bila kutoa taarifa mapema wilayani, na kile watakachokikuta kitangazwe. Hatuombi kijiji chetu kiwe cha kwanza. Vichaguliwe kwa bahati nasibu.

Kaulimbiu ya Kumtua Mama Ndoo Kichwani ni ya Serikali yako, na sisi tuliipokea kwa imani. Tunaomba jibu la maandishi kwa kila ombi hapo juu, likubaliwe au likataliwe kwa sababu, na litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, kabla ya kiangazi kijacho. Wazee na wanawake wa kijiji changu wameisikiliza ikisomwa na wameniruhusu niseme kwamba ni yao pia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima, aliyekuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji,
Kanda ya Kati.

Nakala:
Kamati ya Bunge inayosimamia sekta ya maji
Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Singida
Wananchi wote wenye bomba lisilotoa maji